Kwa Nini Protini Hushikana Mikono Juu ya RNA: Maswali na Majibu

Mtoto wa mdogo wangu hapa Mbeya ni mlegevu, hawezi kuinua shingo. Daktari anahisi ni ugonjwa wa jeni. Jeni inamlegezaje mtoto?

Ulegevu una sababu nyingi, na kipimo cha damu ndicho kitakachothibitisha. Mojawapo ni ugonjwa wa kurithi uitwao SMA, ambao neva za uti wa mgongo zinazoamuru misuli hufa kwa upungufu wa protini ya SMN. Protini hiyo hutokana na jeni mbili, SMN1 na SMN2. Mgonjwa hana SMN1 inayofanya kazi. SMN2 anayo, lakini RNA yake, yaani nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini, nyingi hukatwa vibaya.

Hukatwaje?

RNA inapotoka kwenye jeni ina vipande vya kubaki, yaani eksoni, na vya kutupwa, yaani introni. Seli hukata na kuunga, na mara nyingi huruka eksoni fulani kwa makusudi, ndiyo maana jeni zetu zipatazo 20,000 hutoa aina nyingi zaidi za protini.

Nani huamua kipande kipi kibaki?

Protini zinazoishika RNA, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kila protini hutambua neno fupi sana la herufi za RNA, ambazo ni za aina nne tu. Neno la herufi nne hujitokeza kwa bahati tu takriban mara moja katika kila herufi 256, kwa hiyo protini iliyo peke yake ingepotea njia. Zikihitajika mbili, kila moja na neno lake kwa umbali maalumu, bahati hiyo hushuka hadi moja katika 65,536. Tena husaidiana kushika. Mtazame fundi cherehani pale Mwanjelwa: akichomeka pini moja, kitenge huzunguka, ya pili ikiingia kando yake kinatulia, na hata ile ya kwanza haichomoki kirahisi.

SMN2 ina kosa gani?

Herufi moja tu, ya sita katika eksoni ya 7, ambapo C imekuwa T. Badiliko hilo huidhoofisha mshiko wa protini SRSF1, inayotetea eksoni ibaki, na kuipa nafasi protini hnRNP A1, inayotaka irukwe. Protini nyingine, Tra2-beta, hujitahidi kuitetea, lakini introni inayofuata ina vituo viwili jirani vya kushikwa na hnRNP A1: pini mbili upande wa adui.

Kuna dawa?

Ipo nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo na kuvifunika vituo hivyo viwili, hivyo eksoni ya 7 hubaki na protini ya SMN huongezeka. Ni ghali mno, na hufaa zaidi ikianza mapema, kabla neva hazijafa.

Wakwe wanasema mama alibeba magunia ya viazi akiwa mjamzito.

Magunia hayabadilishi herufi za jeni. Kwa kawaida kila mzazi, baba pia, hubeba nakala moja ya SMN1 yenye kasoro bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa.