Hakuna aliyetia pilipili manga kwenye Syrah

Jamani, ile harufu ya pilipili manga kwenye Syrah nzito (divai nyekundu ya zabibu za jina hilohilo), hasa zile za kaskazini mwa bonde la Rhône kule Ufaransa kama Cornas, wengi wanadhani imetiwa viungo, hapana! Inatoka kwenye ganda la zabibu lenyewe, kuna kemikali inaitwa rotundoni na ndo hiyohiyo iko kwenye pilipili manga ya jikoni, watafiti wa Australia waliitangaza 2008, na karibu mtu 1 kati ya 5 haisikii kabisa hata ikiwa nyingi, so mwenzako akikwambia hainusi usimbishie. Ila usiinywe ikiwa na joto la Dar, ipoze kidogo ifike kama digrii 17, utaisikia vizuri mno.