Kidonda cha mdomo hakiumi? Basi ndo hicho cha kuangalia

Hapa Lamu ukikaa barazani jioni madaktari wote wako hapo, mtu akisema ana kidonda mdomoni anaambiwa hiyo joto tu, sukutua maji ya chumvi kitapoa. Na vingi vinapoa kweli, vile vidogo vinavyokutoa machozi ukila kachumbari ya ndimu, wiki moja mpaka mbili vimeisha vyenyewe.

Sasa watu wakashika kwamba kisichouma hakina neno. Wapi! Saratani ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi, ni kidonda kimekaa ubavuni mwa ulimi au chini yake, au baka jekundu, au kivimbe kigumu shavuni, na mwenyewe anakula biriani kama kawaida. Usihesabu maumivu, hesabu siku. Wiki 2 zikipita hakijafunga, nenda kaonyeshe. Weupe nao unachanganya watu, ule wa fangasi mara nyingi ukifuta kwa kitambaa unatoka (nao una dawa yake), ule usiotoka ndo wa kukimbilia kwa daktari wa meno.

"Mimi sivuti sigara." Haya, na tambuu je? Ami yangu mmoja humwambii kitu, kwake popoo, ile kokwa inayotiwa kwenye tambuu, ni dawa ya meno. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani lilishaiweka kundi la 1 tangu 2004, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, hakuna tena "huenda". Tena hukaza nyama za mashavu polepole mpaka mdomo haufunguki, vidole vitatu vikipangwa wima haviingii. Kuberi nayo, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, huleta saratani vilevile.

Fizi zikitoka damu mtu anaacha mswaki, ndo anaharibu kabisa, ule ukoga ndo unaovimbisha fizi, piga mswaki laini taratibu.

Kinachoniuma ni wanaokimbia kukatwa kinyama kidogo kikapimwe, eti kisu kikigusa saratani inatawanyika. Haitawanyiki hivyo, na bila hicho kipimo hakuna anayeweza kukuthibitishia ni nini. Inayotawanyika ni ile unayokaa nayo miezi unasukutua chumvi.

Chukua kioo na tochi ya simu, toa ulimi, uinue juu, ushike kwa kitambaa uvute kushoto na kulia, vuta na mashavu. Mwenye meno ya bandia ayatoe kwanza.