Kubana Vidole vya Daktari Si Kipimo cha Mkono

"Mshiko mzuri." Ukiyakuta maneno hayo kwenye faili la mgonjwa wa kiharusi, na chini yake hakuna namba wala jina la kipimo, jua kilichofanyika: mgonjwa kanyooshewa vidole viwili, kaambiwa abane, kabana, kazi imeisha. Ndugu wanafurahi. Wakifika nyumbani wananunua mpira laini, na mgonjwa anaubana asubuhi na jioni akisubiri mkono urudi. Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Kwa wagonjwa wengi wa kiharusi, kufumba mkono kunatangulia kufumbua. Misuli inayokunja vidole huwa na nguvu kuliko ile inayovinyoosha, na ukakamavu ukija, huvuta upande huohuo wa kukunja. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukubana mpaka ukaomba msamaha, halafu akashindwa kushika kikombe: kiganja hakifunguki kukipokea, na ukikiweka mkononi mwake, hakiachii. Usimwambie abane. Mwambie, "Mzee, chukua hiki, weka pale juu, uachie." Angalia kwenye kuachia. Kidole gumba kimelala ndani ya kiganja, kifundo kimekunjika kwenda chini, bega limepanda kuelekea sikioni, na mwishowe mkono wa pili unakuja kubandua kidole kimoja kimoja. Hayo hayamo kwenye "mshiko mzuri."

Kinyume chake pia kipo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni, kiwango cha C6 (sehemu ya sita ya uti wa shingo), dainamomita, yaani kifaa cha kupima nguvu ya mshiko, inaweza kumsomea karibu na sifuri. Lakini akiinua kifundo cha mkono juu, vidole vinajivuta vyenyewe vikafumba, na anaokota kitu chepesi mezani. Namba hakuna, kazi ipo.

Sina ugomvi na dainamomita. Kwa mkono uliovunjika kifundo au neva iliyobanwa kifundoni, ni kifaa kizuri mno. Ila ipimwe inavyopaswa: mgonjwa amekaa, mkono wa juu uko ubavuni, kiwiko digrii 90, kidole gumba kinatazama juu, kifundo kimeinuka kidogo tu kati ya digrii 0 na 30, mpini uko nafasi ya pili kati ya tano za Jamar, dainamomita inayotumika sana. Mara tatu, uchukue wastani. Leo kiwiko kimekunjwa, mwezi ujao kimenyooshwa, halafu mnasherehekea tofauti! Na jamani, andikeni kizio. Uso wa Jamar una kilo na pauni pamoja; mgonjwa wa kilo 20 akisomwa 44 na mtu mwingine, hajapona, kabadilishiwa mstari.

Kuhusu viwango vya kawaida tunavyolinganishia: vile maarufu vya nguvu ya mshiko vya mtafiti Mathiowetz vya 1985 vilikusanywa kwa watu wazima wa eneo la Milwaukee, Marekani. Mkulima wa jembe wa Mbeya simlinganishi na hao. Namlinganisha na mkono wake wa pili, ingawa hapo napo pana walakini ambao vitabu vinaupita haraka: baada ya kiharusi, mkono tunaouita mzima mara nyingi nao umepungua kidogo. Kwa hiyo "asilimia 60 ya mkono mzima" ni asilimia ya kitu ambacho chenyewe kimeyumba.

Kipimo ninachokitegemea kwa kiharusi ni ARAT, kilichotolewa na Lyle mwaka 1981. Vitendo 19 katika makundi manne, kila kitendo alama 0 hadi 3, jumla 57. Kushika vitu vinene, kushika vya mviringo na kumimina maji, kuokota gololi kwa ncha za vidole, na kupeleka mkono kichogoni, utosini na mdomoni. Meza sentimita 75 kutoka chini, rafu sentimita 37 juu ya meza, mgongo umegusa kiti muda wote.

Hapo kwenye mgongo ndipo alama zinapogawiwa bure. Mgonjwa anamimina maji kutoka glasi moja hadi nyingine, hayakumwagika, mpimaji anaandika 3. Rudia kuangalia: kigasha hakikugeuka hata kidogo, ila kiwiliwili kizima kililala upande kama dau linalopigwa na upepo. Hiyo ni 2. Alama 3 ni kwa aliyemaliza ndani ya sekunde 5 na kwa mwendo wa kawaida. Alama 2 amemaliza, lakini kwa sekunde kati ya 5 na 60, au kwa taabu kubwa, au kwa kujipinda. Alama 1 amefanya sehemu tu, 0 hakuna kitu.

Sasa tazama upana wa hiyo 2. Mtu aliyetumia sekunde 50 mwezi wa kwanza na sekunde 8 mwezi wa nne, alama yake haijasogea. Andika sekunde pembeni, kila kitendo, ndipo utaona alichofanya. Badiliko dogo lenye maana kwa mgonjwa hutajwa kuwa alama 5.7, akipanda alama mbili, tulia kwanza, pengine aliyebadilika ni mpimaji.

Kuna na njia ya mkato: akipata 3 kwenye kitendo kigumu kuliko vyote katika kundi, kwa mfano kipande cha mti cha sentimita 10, unampa alama zote 18 za kundi bila kumpima vingine. Sheria inaruhusu. Mimi siiamini sana, na muda ukiwepo napima vyote 19.

Vifaa si lazima viagizwe ng'ambo, fundi seremala anaweza. Ila mwambie aina ya mti. Kipande cha sentimita 10 kila upande ni sentimita za ujazo 1,000: cha paini kinakaribia nusu kilo, cha mninga kinaweza kuvuka gramu 600. Ukibadilisha seti katikati ya matibabu, umembadilishia mgonjwa mtihani.

Vingine kwa ufupi. Fugl-Meyer, kipimo kingine cha kiharusi, kwa mkono alama 66, inapima mwendo, si kazi. Kisanduku na vibao, mgonjwa anavusha vibao kimoja kimoja kutoka upande mmoja wa sanduku hadi mwingine, sekunde 60: ncha za vidole zivuke kizuizi, na vibao viwili vikivushwa kwa pamoja vinahesabiwa kimoja. DASH, dodoso la shida za mkono, ina maswali 30, na 100 ndiyo mbaya, kwa hiyo msipongeze ikipanda.

Linalobaki ndilo linaloniumiza kichwa. Mgonjwa anaweza kupata 50 kliniki, na nyumbani mkono ukakaa mapajani kutwa. Kuna dodoso la MAL, linauliza mkono unatumika kiasi gani na kwa ubora gani, 0 hadi 5, lakini maswali ya kufungua friji hayamhusu kila mtu. Nauliza ya kwetu: unakulia mkono gani? Nguo unazikamua vipi? Ugali unaposongwa, nani anashika sufuria? Hata hapo, mgonjwa aliyepooza kulia huona haya kusema kwamba anakula kwa kushoto, na wengi hujibu wanachodhani nataka kusikia. Vihisi vya kuvaa kifundoni navyo huhesabu mkono unaoning'inia na kuyumba mtu akitembea. Kwa hiyo namuuliza mgonjwa peke yake, kisha namuuliza anayeishi naye, naye peke yake. Wakipingana, naandika majibu yote mawili.