Besi bila sanduku: sabwufa ya ubao wazi kwa nyumba za mbao za Goma

Nyumba ya mbao yenye bati juu haipatani na sabwufa ya sanduku. Mbao zinatetemeka, bati linaitikia, na jirani wa ukuta wa pili anapata besi kuliko wewe uliyekaa mbele yake. Kwa mitaa yetu ya Goma, ambako nyumba na nyumba zimeachana hatua chache, napendekeza sabwufa (spika ya besi) ya ubao wazi: spika imefungwa kwenye ubao, mbele wazi, nyuma wazi. Koni ikisukuma hewa mbele, inaivuta nyuma, kwa hiyo pembeni kabisa sauti hizo mbili zinafutana. Kwa sauti ileile inayokufikia ukiwa mbele, nguvu inayotawanyika pande zote ni kama theluthi ya ile ya sanduku. Elekeza ubavu wa fremu kwa jirani aliye karibu zaidi.

Kufutana huko kuna gharama, na hapo ndipo wengi wanapokosea wanapokwenda dukani. Fremu ya H, yaani fremu iliyo wazi mbele na nyuma, ubao wa spika ukiwa katikati, yenye kina cha sm 40, inalipatia wimbi la nyuma njia ya karibu nusu mita kufika mbele. Kwa njia hiyo, kwenye Hz 114 hupotezi kitu ukilinganisha na sanduku. Kwenye Hz 80 unapoteza desibeli 3, kwenye Hz 40 karibu 9, kwenye Hz 30 kama 11. Ukitaka sauti ibaki ileile unaposhuka oktavo moja (yaani hadi nusu ya Hz), koni lazima isafiri mara 8 ya mwanzo. Kwenye sanduku lililofungwa ingekuwa mara 4. Kinachopungua, basi, ni hewa ya kusukuma, wala si wati. Spika mbili za inchi 15 zenye safari ya mm 8 kila upande zinatoa kama desibeli 99 kwa Hz 30, ukipima mita moja. Spika moja ya inchi 12 yenye safari hiyohiyo inaishia karibu 89. Pesa yako iweke kwenye koni.

Tafuta spika yenye Qts (kipimo cha jinsi spika inavyojizuia yenyewe kwenye mlio wake) kuanzia 0.6 na mlio wa asili, yaani fs, kati ya Hz 20 na 30. Zile za inchi 15 za disko mara nyingi zina Qts ya 0.3 au 0.4 na safari fupi. Zinapiga kwa nguvu, lakini chini ya Hz 50 zinanyamaza. Kama karatasi ya vipimo haipo, pima mwenyewe spika ikiwa imeshikwa hewani, kwa programu ya bure ya REW, kadi ya sauti na rezista moja. Mfano: ukinzani wa koili Ω 3.4, kilele cha mstari wa ukinzani Ω 34 kwenye Hz 28. Gawanya 34 kwa 3.4, unapata 10. Kipeuo chake cha pili ni 3.16. Zidisha 3.4 kwa 34, tafuta kipeuo cha pili: Ω 10.75. Soma ni Hz ngapi mstari unapopita hapo kila upande wa kilele. Tuseme 22 na 35.6, tofauti yake 13.6. Qms, sehemu ya kimakanika ya kipimo hicho, ni 28 × 3.16 ÷ 13.6, yaani 6.5. Igawe kwa 10: Qts ni 0.65. Hiyo nunua.

Fremu inatoka kwenye tripleksi moja ya mm 18 (m 1.22 × 2.44). Mbavu mbili za sm 40 × 86, juu na chini sm 40 × 45.6, ubao wa katikati sm 42 × 86. Ubao huo unakaa sm 19.1 ndani, kutoka mbele na kutoka nyuma. Kati ya spika mbili weka vipande vya sm 42 × 19.1, kimoja mbele, kimoja nyuma, la sivyo mbavu zitalia. Matundu yakate kwa kufuata spika uliyo nayo mkononi, na ufagie chenga zote za chuma kabla ya kuifungua kwenye karatasi yake: sumaku ikishazivuta hadi kwenye mwanya wa koili, koni itakwaruza na hutazitoa tena. Vumbi letu jeusi nalo linaingia kwa tundu la nyuma ya sumaku. Lifunike kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa, maana koili inapoa hapo.

Koni zote mbili zinakwenda upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo fremu inarudishwa nyuma kila pigo. Kugeuza spika moja na kubadilisha waya zake kunapunguza upotoshaji kidogo, lakini mtikisiko unabaki. Dawa ni uzito: mfuko wa kilo 20 wa mchanga mweusi chini, na mpira mnene kati ya fremu na sakafu ya mbao.

Umeme ukikatika unabaki na betri, na sabwufa hii inaridhika nayo. Kadi ya kikuza sauti ya TPA3255 kwa volti 24 inatoa kama wati 60 kwa kila spika ya Ω 4. Kwa spika inayotoa desibeli 88 kwa wati moja, hapo koni zimekaribia mwisho wa safari yake. Wati zaidi zitagongesha koili tu. Usichukue TPA3116: kikomo chake ni volti 26, na betri za asidi za volti 24 zikiwa kwenye chaji zinafika 28.8. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri. Muziki wa kawaida unakula wati 25 au 30 kwa jumla, hivyo benki ya betri ya Ah 100, ukitumia nusu yake, inapita saa 30.

Marekebisho ya sauti yafanywe na kadi ya ADAU1701, inayochakata sauti kidijitali kabla ya kikuza sauti. Kata juu ya Hz 80 kwa desibeli 24 kwa oktavo, kwa sababu kina cha fremu kina mlio wake karibu na Hz 300 usioutaka. Inua Hz 30 kwa desibeli 6 kwanza, pima, halafu sogea hadi 8. Chini ya Hz 25 funga kabisa: hakuna sanduku la kuizuia koni, na mchindo mmoja tu unaigongesha.

Iweke mita moja au zaidi kutoka ukuta wa nyuma. Ukisikia mluzi mwembamba kila unapochaji simu kwenye betri hiyohiyo, usilaumu spika. Ni waya hasi wa simu na wa kadi ya ADAU1701 zimekutana kwa njia mbili. Lisha kadi hiyo kwa kibadilisha volti kilichotenganishwa ndani (upande wa kuingia na wa kutoka haushiriki waya hasi), mara nyingi mluzi unakwisha.