Punda Milia Husimama kwa Kidole Kimoja

Weka kiganja mezani, vidole vimetandazwa. Sasa inua mkono polepole: kidole gumba kitaachia kwanza, kisha kidole cha mwisho, kisha cha shahada na cha pete. Ikibaki ncha ya kidole cha kati peke yake, umesimama kama punda milia.

Watoto wa shule tunaowafundisha hapa Lubumbashi hudhani kwato ni kiatu. Hapana, ni ukucha, wa keratini ileile ya ukucha wako, uliokua ukakizunguka kidole. Nao haukomi kukua. Porini mawe huusaga. Punda wa kufugwa asiyetembea vya kutosha lazima akatwe kwato, la sivyo atachechemea.

Aliyenunua mbuzi soko la Kenya, hapa hapa mjini Lubumbashi, ameona kwato iliyopasuka: hivyo ni vidole viwili. Kifaru ana vitatu. Katika wanyama wanyonyeshao walio hai leo, ni farasi, punda na punda milia tu wanaokanyaga kwa kidole kimoja kila mguu.

Babu zao wa miaka milioni 55 iliyopita walikuwa na kimo cha mbwa, vidole vinne mbele na vitatu nyuma. Misitu ilipopungua na nyasi kutanda, kukimbia kukawa ndiyo salama. Mguu mwepesi kwenye ncha hurushwa kwa nguvu kidogo, na kano zake ndefu hunyumbuka kama springi. Vidole vya pembeni vikasinyaa, ila havikuisha kabisa. Ukipapasa mfupa mrefu chini ya kile tunachokiita goti la mbele (kwa kweli ni kifundo cha mkono!), utagusa vijiti viwili vyembamba: mabaki ya kidole cha pili na cha nne. Wanafunzi wangu hawaamini mpaka waviguse.

Huko Amerika ya Kusini aliwahi kuishi Thoatherium, asiye wa ukoo wa farasi hata kidogo, naye akafikia kidole kimoja. Hilo hunishangaza kila mara.

Hapa Kongo, punda milia wa mwisho wa porini wako Upemba, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1939. Mnyama huyu akinaswa mguu na kitanzi cha waya, hana kidole cha pili cha kuegemea. Jeraha dogo kwetu, kwake ni kutoweza kumkimbia adui. Ndugu mnaoishi jirani na hifadhi, mkiona waya umetegwa, waambieni walinzi siku hiyohiyo.