Meli ya Antaktika haifiki mlangoni mwa kituo

Kila mwisho wa mwaka meli ya utafiti ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, huondoka Cape Town kupeleka watu na shehena katika kituo chake cha utafiti cha SANAE IV, Antaktika. Kuna mengi husemwa juu ya safari hii, na si yote ya kweli.

Dhana: Meli hukata barafu kama kisu.
Haikati. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, imelazwa kwa mteremko ili meli ipande juu ya barafu, kisha uzito wake uivunje. Agulhas II, iliyoundwa Rauma, Finland, na kukabidhiwa mwaka 2012, huvunja barafu ya unene wa mita 1 kwa mwendo wa fundo 5 hivi (kama kilomita 9 kwa saa). Ikikutana na nene zaidi hurudi nyuma, ikaivamia tena. Hata hivyo nahodha mzoefu hushindana na barafu pale tu anapokosa pa kupita; kwanza hutazama picha za setilaiti akitafuta njia za maji yasiyo na barafu. Desemba 2013 meli ya Urusi, Akademik Shokalskiy, ilinaswa. Xue Long ya China, yenyewe mvunja barafu, ikaenda kusaidia na baadaye ikakwama pia! Abiria 52 wa meli ya Urusi walihamishwa kwa helikopta ya Xue Long hadi Aurora Australis ya Australia.

Dhana: Taabu huanza barafuni.
Ukweli ni kwamba wengi hutapika kabla hawajaona hata kipande cha barafu. Kati ya latitudo 40 na 60 kusini karibu hakuna nchi kavu ya kuzuia upepo, na mawimbi hukua yatakavyo. Isitoshe, meli za kuvunja barafu kwa kawaida zina tumbo la mviringo, kwa hiyo huyumba sana bahari ikichafuka. Zikiingia kwenye barafu mawimbi hufa, na watu hurudi mezani kula.

Dhana: Ukishuka melini umefika.
Bado sana. SANAE IV imejengwa juu ya mwamba wa Vesleskarvet, zaidi ya kilomita 150 kutoka ukingo wa barafu. Meli huegemea ukingo huo, winchi zikashusha mizigo, kisha matrekta ya minyororo huvuta mafuta na makontena juu ya matela ya kuteleza. Watu wengi hupelekwa kwa helikopta, hali ya hewa ikiruhusu. Kwangu mimi hapa ndipo kazi ilipo, ingawa wapiga picha huishia kwenye omo.

Dubu weupe je? Hao ni wa Aktiki, kaskazini. Huku kuna pengwini na sili, na Desemba ni kiangazi: jua halizami.

Dhana: Wanaobaki kituoni ni wanasayansi watupu.
Kikosi kinachobaki msimu wa baridi ni cha watu kumi hivi, wakiwemo daktari, mafundi wa mitambo ya dizeli na fundi umeme. Jenereta zikizima, vipimo vyote husimama na joto la ndani hutoweka, na meli hairudi hadi kiangazi kijacho.