Kwa Nini Dawa ya Kutuliza Wasiwasi Hutolewa kwa Majuma Machache Tu?

Mtu anayeugua sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka hata akiliwazwa, mara nyingi huwa pia na wasiwasi unaomnyima usingizi, na hapo daktari huweza kumwandikia dawa mbili kwa pamoja. Tuseme ni mwendeshaji bodaboda wa Kondele, mjini Kisumu, anayetoka kwa mfamasia na bahasha mbili ndogo za karatasi: moja ina fluoksetini, dawa ya sonona, ya mwezi mzima, nyingine ina vidonge vichache vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, na juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x1 usiku". Hiyo ya pili humtuliza ndani ya saa moja hivi, ilhali ya kwanza huchukua majuma kadhaa kabla nafuu haijaonekana. Mbona basi asiongezewe inayomsaidia leo?

Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, huitia nguvu GABA, kemikali inayopoza msukosuko wa seli za ubongo. Hofu hutulia, usingizi huja, lakini sonona yenyewe hubaki pale pale. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 na Cochrane, shirika linalochambua ushahidi wa tafiti za tiba, yalionyesha kuwa dawa hizi zikitumiwa pamoja huleta nafuu kubwa kidogo kuliko dawa ya sonona peke yake katika majuma manne ya mwanzo; baadaye tofauti haionekani.

Madhara nayo huzidi siku zinavyosonga. Mwili huizoea dawa, kipimo kile kile hakitoshi tena, na anayeiacha ghafla hurudiwa na wasiwasi, pengine hata kupatwa na degedege. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa dawa nchini Uingereza walishauri mwaka 1988 kwamba isizidi majuma mawili hadi manne. Tena haitoki mwilini upesi: aliyeimeza usiku anaweza kuamka mzito, akachelewa kushika breki. Akichanganya na chang'aa, pumzi zinaweza kufifia hadi afe, na kama mgonjwa hunywa pombe, kwa maoni yangu, ndilo swali la kwanza ambalo daktari angepaswa kuuliza, kwa kuwa wagonjwa wengi huona haya kulitaja wenyewe.

Kwa hiyo mgonjwa huyu ana haki ya kuuliza, kabla hajainuka kitini, bahasha ya pili itakwisha tarehe gani. Ikiwa ameitumia kwa miezi tayari, asiikatize mwenyewe; daktari humpunguzia kidogo kidogo.